Kamera Jikoni: Umbo na Rangi katika Vitu vya Nyumbani

Hakuna mahali ambapo jicho la mwanadamu huona kidogo kama nyumbani kwake. Mtu aweza kunywea kikombe kimoja miaka kumi asijue mkono wake umepindwa vipi. Aweza kupita mbele ya dirisha lile lile asubuhi na jioni asitambue kwamba nuru yake haiuachi ukuta katika rangi moja hata saa mbili. Mazoea hufumba macho. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika nyumba nyingi za karne mbili zilizopita mgeni huyo alikuwa kamera. Chombo hiki hakikujua kikombe ni cha nini wala kitanda ni cha nani. Kilijua nuru na kivuli tu. Kwa ujinga wake huo kiliwaonyesha wenyeji jambo ambalo ujuzi wao ulikuwa umewaficha: kwamba bakuli, kabla ya kuwa bakuli, ni duara na kivuli chake, na kwamba uma ni mistari michache ya nuru.

Kukiondolea kitu jina na kazi yake hata kikabaki umbo, mstari na rangi, ndiko kunakoitwa udhahania katika sanaa. Aghalabu husemwa kwamba udhahania ulizaliwa katika vyumba vya wachoraji wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kwamba wapiga picha waliufuata kama mwanafunzi afuatavyo mwalimu. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba wapiga picha waliufikia mara kwa mara wakiwa nyumbani kwao, na sababu zilizowaweka nyumbani hazikuwa nadharia. Mara ilikuwa uchanga wa kamera yenyewe, mara watoto wadogo, mara uzee na kufiwa.

Kisa kinaanza kwa mtu asiyejua kuchora. William Henry Fox Talbot alikuwa bwana mwenye ardhi na elimu nyingi katika wilaya ya Wiltshire, Uingereza. Mwaka 1833, akiwa matembezini kando ya ziwa Como katika Italia, alijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa vioo, akaona haya kwa kazi ya mkono wake. Ndipo alipowaza kama haingewezekana picha iliyoangushwa na nuru juu ya karatasi ijishike yenyewe. Aliporudi kwake Lacock Abbey aliunda visanduku vidogo vya mbao, akavitega huku na huko, na mkewe Constance akaviita mitego ya panya. Mmoja wa mitego hiyo ulinasa dirisha la nyumba yao mwezi wa Agosti 1835. Kipande chenyewe ni kidogo kama stempu ya barua, nacho ndicho negativu ya zamani kabisa iliyosalia duniani. Talbot aliandika kando yake kwamba ilipokuwa mpya, vioo vya dirisha vipatavyo 200 viliweza kuhesabiwa kwa kioo cha kukuzia. Yafaa kuangalia jinsi kitu hicho kilivyo: palipo na mwanga pana giza, palipo na giza pana mwanga, na dirisha limekuwa wavu wa mistari usio ndani wala nje. Talbot hakukusudia udhahania. Alikusudia kujua kama dawa zake zitafanya kazi. Lakini mtu anayehesabu vioo amekwisha kuacha kutazama bustani iliyo nyuma yake.

Miaka tisa baadaye alianza kutoa kitabu kilichoitwa The Pencil of Nature, yaani Kalamu ya Maumbile, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1844 na 1846 na kuwa na picha 24. Ndani yake mna rafu za vyombo vya kauri, rafu za bilauri, safu ya vitabu, na mlango ulio wazi ambao ufagio umeegemezwa kizingitini. Msomaji wa pwani aliyepata kuona zidaka za nyumba za kale za Lamu, na sahani zilivyopangwa ndani yake, hatashangaa sana mbele ya rafu hizo za kauri. Ufagio ni jambo jingine. Talbot aliurudia mara nyingi kwa muda wa miaka, akibadili pembe yake na kivuli chake, na mama yake akaiita moja ya picha hizo za mwanzo kwa jina lenye maana ya ufagio ukisema na nafsi yake. Kitabuni Talbot alijitetea kwa kuwataja wachoraji wa Uholanzi, ambao walikuwa wamekwisha kuonyesha kuwa mambo ya kila siku yanastahili kuchorwa. Utetezi huo unaonyesha hofu yake. Alijua kwamba wasomaji wangeuliza kwa nini ufagio.

Kutoka ufagio huo hadi mabakuli ya Paul Strand ni miaka 72, na sehemu kubwa ya miaka hiyo yaweza kupitwa upesi. Wapiga picha waliotaka kuitwa wasanii walikuwa wakijitahidi kufanya kazi zao zifanane na michoro: lenzi za ukungu, karatasi zilizopakwa kwa brashi, wasichana kando ya maji. Strand, aliyezaliwa New York mwaka 1890, alilelewa katika mtindo huo. Aliyemtoa humo, pasipo kukusudia, ni mwalimu wake wa shule, Lewis Hine, ambaye mwaka 1907 aliwapeleka wanafunzi katika ukumbi mdogo uliojulikana kwa namba 291, mali ya mpiga picha Alfred Stieglitz. Katika ukumbi huo kazi za Picasso zilionyeshwa mwaka 1911. Na mwezi wa Novemba 1914 vikaonyeshwa vinyago vya Afrika kama kazi za sanaa, si kama vitu vya kabati za wachunguzi wa makabila, ijapokuwa jina la maonyesho liliwaita waliovichonga kwa neno la dharau na papo hapo likakiri kwamba vilikuwa mzizi wa sanaa mpya. Haiwezekani kusoma historia ya udhahania wa New York na kuliacha jambo hilo. Wachongaji wasiotajwa majina walikuwa wamekwisha kujua, zamani kabla ya wale waliowadharau, kwamba uso waweza kujengwa kwa pande na duara na bado ukawa uso.

Katika kiangazi cha 1916 Strand alikuwa katika nyumba ya mapumziko ya familia yake huko Twin Lakes, Connecticut. Alitaka kufahamu kwa mikono yake yale ambayo wachoraji wapya walikuwa wakiyafanya: picha hujengwaje, sehemu moja hushikana vipi na nyingine. Hakwenda kutafuta mashine wala majumba marefu. Alichukua mabakuli manne ya jikoni, akaisogeza kamera karibu hata kingo zake zikakatana na ukingo wa picha, akaacha jua lifanye kazi. Mtazamaji huona mipindo inayopishana, nyeupe ikiingia katika kijivu na kijivu katika nyeusi, na hupita muda kabla hajasema: mabakuli. Katika picha nyingine alikamata vivuli vya fito za baraza vikianguka juu ya meza ya duara. Picha hiyo imepinduliwa kiasi kwamba haijulikani juu ni wapi na chini ni wapi. Kila mtu aliyepata kukaa barazani wakati wa alasiri ameviona vivuli vya namna hiyo vikitambaa sakafuni. Strand aliviona kama vitu vyenyewe, vyenye uzito sawa na meza.

Stieglitz alichapisha picha 11 za Strand katika toleo la mwisho la jarida lake Camera Work, Juni 1917. Jarida hilo lililoanza mwaka 1903 lilikuwa limebakiwa na wanunuzi wasiofika 40. Kwa hiyo moja ya hatua kubwa za historia ya picha ilionwa na watu wachache kuliko wanaohudhuria arusi ya kawaida. Strand mwenyewe hakukaa katika udhahania mtupu. Alilichukua funzo lake akaenda nalo kwenye nyuso za watu, vijiji na mashamba, hata Ghana alikopiga picha katika miaka ya 1963 na 1964 kwa kitabu kilichotoka mwaka 1976, mwaka wa kufa kwake. Hilo lapasa kuhesabiwa kuwa busara. Katika picha za Twin Lakes mna ukamilifu unaotia baridi kidogo: mabakuli hayo hayana doa, hayana ufa, wala hayana dalili ya mkono uliyoyaosha.

Mkono huo waonekana kwa Imogen Cunningham. Alizaliwa Portland, Oregon, mwaka 1883, akasoma kemia chuoni, akafungua studio yake ya picha Seattle, kisha akaolewa mwaka 1915 na kupata wana watatu katika muda wa miaka miwili, wawili wao wakiwa pacha. Familia ilipohamia California studio ilikoma. Mwanamke mwenye ujuzi kamili wa kazi yake alijikuta hawezi kutoka nje ya ua. Basi akaigeuza kamera kwenye mimea ya bustani yake, wakati watoto wakilala au wakicheza karibu, na baadaye alizoea kusema kwamba mkono mmoja ulikuwa katika vyombo na mwingine katika chumba cha giza. Ua la magnolia alilolipiga mwaka 1925 limejaza picha yote. Petali zake ni kama shuka zilizokunjwa, na katikati pana umbo moja lililosimama wima kama mnara. Wahakiki wengi wameusifu ujasiri wa kulikaribia ua kiasi hicho. Ni wachache waliokumbuka kwamba ukaribu ule ulikuwa pia ndio urefu wa kamba aliyofungwa nayo.

Katika miaka hiyo hiyo rafiki yake Edward Weston alipiga picha beseni la choo cha nyumba aliyokaa Mexico, mwaka 1925, akalipa hadhi ya sanamu ya marumaru, na mwaka 1930 aliweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati akapata umbo ambalo watu wameliona kuwa mgongo, ngumi, au wapendanao wawili. Picha hizo ni maarufu kupita kiasi na hazihitaji kuelezwa zaidi. Linalofaa kutajwa ni kwamba Weston alichagua, na Cunningham alibanwa, lakini wote wawili wakafika mahali pamoja.

Cunningham alikuwa na miaka zaidi ya 70 alipofanya kazi yake ya nyumbani iliyo bora. Dorothea Lange, mpiga picha aliyekuwa akifundisha San Francisco, aliwapa wanafunzi wake jukumu la kupiga picha kitu wanachokitumia kila baada ya saa 24. Cunningham alilisikia jukumu hilo, akarudi kwake, akapiga picha ya kitanda ambacho hakijatandikwa. Ni mwaka 1957. Shuka nyeupe zimeinuka na kushuka kama vilima vinavyotazamwa kutoka mbali, na juu yake vimeachwa vibanio vya nywele. Vikiondolewa vibanio hivyo picha itakuwa ya udhahania safi, sawa na mabakuli ya Strand. Vikiachwa, mtu ametoka kitandani sasa hivi. Husimuliwa kwamba aliwapa maarusi nakala za picha hiyo kama zawadi, ili bwana arusi ajue kwamba ziko siku ambazo kitanda hakitatandikwa.

Mpaka hapa rangi haijatajwa, na si kwa kusahau. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba rangi ni adui wa udhahania katika picha. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Nyeusi na nyeupe tayari zimekiondolea kitu sehemu ya nafsi yake. Pilipili ya Weston si ya kijani, basi yaweza kuwa mgongo wa mtu. Ikirudishwa rangi, pilipili nayo hurudi sokoni.

Ajabu ni kwamba rangi yenyewe ilitoka jikoni. Ndugu wawili wa Lyon, Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipata hataza ya njia yao ya Autochrome mwaka 1903 na kuanza kuiuza mwaka 1907. Walichukua chembe za wanga wa viazi, wakazitia rangi katika mafungu matatu, nyekundu ya machungwa, kijani na zambarau, wakazichanganya na kuzinyunyiza mamilioni juu ya kioo, na nafasi zilizobaki kati yake wakazijaza unga mweusi wa makaa. Nuru ilipopita katika chembe hizo ilichujwa, na jicho, lisiloweza kuzitenga moja moja, likaona sketi ya buluu au tofaa jekundu. Vivyo hivyo filamu ya Kodachrome, iliyotoka mwaka 1935, ilianza kwa majaribio ya vijana wawili wanamuziki, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, waliokuwa wakichanganya dawa katika jikoni na mabafu ya wazazi wao. Baada ya hapo rangi ikaenea katika matangazo ya biashara na katika albamu za familia, na kuenea huko ndiko kulikoiharibia jina. Walker Evans, bwana mkubwa wa picha za Marekani, aliandika mwaka 1969 kwamba picha ya rangi ni kitu cha ovyo. Miaka minne baadaye, akiwa mzee na mgonjwa, alishika kamera ya Polaroid ya rangi, wala hakuiacha upesi.

Mlango ulivunjwa mwaka 1976, wakati Museum of Modern Art ya New York ilipoonyesha picha za rangi za William Eggleston wa Memphis. Ndani yake mlikuwamo tanuri la jikoni lililofunguliwa na viatu chini ya kitanda. Hilton Kramer, mhakiki wa New York Times, aliona kwamba picha hizo ni za kawaida kabisa na zinachosha kabisa. Lakini Eggleston hakuwa amepiga rangi ya vitu. Alikuwa amepiga vitu kwa ajili ya rangi. Alichapisha kwa njia ya gharama kubwa iliyotumiwa na watu wa matangazo, ambayo wino wake hushiba na kudumu, na kwa njia hiyo nyekundu yake huacha kuwa nyekundu ya kitu chochote. Ubishi juu ya maonyesho hayo haukuwa juu ya ustadi. Ulikuwa juu ya kama tanuri la mtu wa kawaida lina haki ya kutundikwa ukutani, nalo ni swali lile lile ambalo Talbot aliliogopa kwa ufagio.

Aliyelimaliza swali la rangi ni Jan Groover, naye hajulikani kama inavyompasa. Alizaliwa New Jersey mwaka 1943, akafundishwa uchoraji, kisha akauacha kwa ajili ya kamera. Mnamo 1977 na 1978, baada ya miaka ya kupiga picha magari na barabara, alirudi ndani na kuweka kamera juu ya sinki la jikoni. Ndani ya sinki alitia uma, visu, miko bapa, kalibu za kuokea keki, bilauri, jani la mmea wa chunguni, na pilipili hoho. Picha zake ni za rangi, lakini mwanafunzi akiulizwa zina rangi gani atasita. Chuma hakina rangi yake. Uma uliolazwa karibu na jani huwa wa kijani. Ukigeuzwa kidogo huwa wa waridi kwa sababu ya kitu kilicho nje ya picha. Ubapa wa kisu hubeba kipande cha buluu kisichojulikana kimetoka wapi. Meno ya uma huenda mbele na kivuli chake hurudi nyuma, na sinki, ambalo kila mtu hulijua kina chake, hupoteza kina.

Hapo hoja ya zamani ilianguka. Ilidhaniwa kwamba rangi humfunga kila kitu na jina lake; Groover alionyesha kwamba nyumbani rangi hazikai juu ya vitu, bali hutembea kati yake, na kitu kimoja hukopa kwa kingine. Udhahania wake haukupatikana kwa kuondoa rangi bali kwa kuifuata mpaka inapokataa kuwa ya mtu. Alipenda kusema kwamba umbo ndilo kila kitu. Yamkini alisema hivyo kwa kuwachokoza wale waliotaka kumfanya msemaji wa mambo ya wanawake kwa kuwa tu alisimama jikoni. Hata hivyo si rahisi kumwamini moja kwa moja. Matone ya maji yako katika baadhi ya picha hizo, na mtu aliyewahi kuosha vyombo huyaona kabla ya kuona umbo.

Neno lake lilipata jibu wakati ule ule, katika mji ule ule, kutoka kwa mzee ambaye huenda hakuzijua kabisa picha za sinki. André Kertész, mzaliwa wa Budapest, alikuwa amekwisha kufanya udhahania wa mezani tangu 1928 alipopiga picha ya uma ulioegemea ukingo wa sahani, pamoja na kivuli chake. Mwaka 1977 mkewe Elizabeth alifariki. Kertész, mwenye miaka 83, akabaki peke yake katika nyumba yao iliyo juu ya Washington Square, New York. Akaanza kutumia kamera ya Polaroid aina ya SX-70, ambayo hutoa picha ya rangi papo hapo, ndogo, yenye kiasi cha sm 8 kila upande. Dukani aliona sanamu ya kioo, kichwa na mabega tu, akaona shingo ile imeinama kama ya Elizabeth. Aliinunua akaiweka dirishani.

Akaipiga picha asubuhi na jioni, kwa miezi. Kioo hicho hakina sura; kila kinachopita nyuma yake hupita ndani yake. Alfajiri huwa cha buluu, jua likizama huwa cha dhahabu na rangi ya machungwa, mawingu hupinduka tumboni mwake, na katika baadhi ya picha minara miwili ya World Trade Center, iliyoanguka mwaka 2001, yaonekana imepindwa kama nta. Kwa kipimo cha Groover hizo ni picha za umbo na rangi zilizokombolewa kutoka kwa vitu, na kwa kipimo hicho ni za daraja la juu. Lakini kila rangi ndani yake inapita katika bega la mtu mmoja. Alizikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1981, From My Window, akakitoa kwa Elizabeth, naye akaendelea kukaa karibu na dirisha lile mpaka alipofariki mwaka 1985.